Kujitoa kwa Mali ya Mwenzako

Hivi karibuni, hapa Kapolowe, Katanga, kikao cha familia kiliamua kwamba mama mmoja hana la kudai. Kwa miaka mingi alinunua kambale kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele, akawakausha kwa moshi, akawapeleka kuuza Likasi. Kambale hao ndio waliomlipia bwana wake masomo hadi akapata diploma, kisha kazi, kisha bibi mwingine. Mama aliweka mezani daftari la shule lenye minervali, yaani ada, ya kila mwaka, kodi ya chumba, nauli, hata bei ya suruali aliyovaa bwana siku ya kutetea kazi yake ya mwisho wa masomo. Mzee wa kikao hakulisoma. Alilifunika kwa kiganja, akasema: "Mwanangu, mapendo haina daftari." Watu wakatikisa vichwa kukubali, kesi ikaisha.

Mapendo ni nini, sadaka ni nini? Kamusi zimekwisha kusema, na mapadri wa misioni yetu wamehubiri zaidi ya kamusi. Tukubaliane tu kwamba anayependa hutoa, na anayejitoa hutoa kitu kinachomuuma. Ninachouliza mimi ni kimoja: hicho kinachotolewa ni cha nani?

Hadithi za mapenzi hazipendi swali hilo. Humsifu mpenzi aliyeacha vyote, nasi tunalia naye bila kuangalia vilitoka kabati la nani.

Nirudi kwa mzee, maana kauli yake inanikera kuliko zote. Inasemekana aliyehesabu hakupenda. Lakini ukoo uleule, siku ya mahari, ulikuja na orodha: pesa, mbuzi, blanketi, suti ya baba mkwe. Ilisomwa kwa sauti, kilichopungua kikaulizwa, na karatasi ikahifadhiwa. Hakuna aliyesema siku hiyo kwamba kuhesabu mbuzi kunaua mapendo. Kalamu iliruhusiwa ilipokuwa mikononi mwa wazee. Ikawa aibu ilipohamia kwa muuza samaki.

Wala si jambo la Katanga peke yake. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wa kumfunza, pamoja na mengine, namna ya kumtunza mume. Utenzi huo umesomwa pwani kwa vizazi kama kilele cha utiifu wa mke. Usome tena, uone kama hauna daftari. Mle ndani radhi ya mume ina thamani kubwa siku ya kiyama, na neno la mume ndilo litakaloamua mke aende peponi au motoni. Mizani ipo tangu mwanzo, ila mke hakukabidhiwa aisome. Mwana Kupona, mwanamke mwenye akili kali, hakuficha kwamba utumishi una hesabu. Wazee wetu ndio wanaoficha.

Tena, kuandika si kudai. Mama yule aliandika mwaka baada ya mwaka bila kumwonyesha mtu, na katika miaka hiyo yote hakuomba kurudishiwa hata faranga moja. Aliandika kama mzazi anavyokumbuka kila homa ya mtoto wake: kukumbuka kilichotoka mwilini mwako ni sehemu ya kupenda. Kwa haki, anayepokea ndiye angepaswa kutunza kumbukumbu, ajue anadaiwa shukrani kiasi gani. Aliyepokea akichagua kusahau, aliyetoa afanyeje? Mzee anajibu: anyamaze, na kimya chake ndicho kitakachothibitisha kwamba alipenda. Jibu hilo linamfaa nani? Kila aliyekula cha mwenzake na kuondoka. Akidaiwa atasema, "Ona, hakunipenda", asipodaiwa atasema, "Ona, alinipa bure." Hashindwi kamwe.

Wengine hupinga kwa haki zaidi, kwamba wapo wanaojitoa kweli bila kungoja kitu, kama yule mtawa wa Kolwezi, katika vita vya 1978, ambaye mwandishi Mudimbe alimtungia daftari zake katika riwaya ya Shaba deux (1989). Kweli wapo, na alichotoa kilikuwa chake.

Kwa kuwa nimemtaja Valentin-Yves Mudimbe, sitampita haraka, kwani ni mtoto wa kwetu: alizaliwa Likasi mwaka 1941, mji ukiitwa bado Jadotville. Katika riwaya yake Le Bel immonde (1976) waziri mmoja wa Kinshasa anampenda Ya, mwanamke wa baa. Waziri huyo anataka kulinda cheo chake, na wakubwa wa chama cha siri wanadai sadaka ya damu. Anayechinjwa ni rafiki wa Ya.

Nikisoma hapo huona mara moja picha zile za mamba muntu zilizoning'inia sebuleni mwa wafanyakazi wa migodi huko Likasi na Lubumbashi katika miaka ya 1970: nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka ubavuni. Sisi wa Kapolowe, tunaoishi kando ya maji yaliyokusanywa na bwawa la Mwadingusha tangu 1930 ili viwanda vya shaba vipate umeme, tunajua masimulizi yake. Mwanamume akifunga naye agano, anatajirika, ila lazima atunze siri. Kisha ndugu zake wanaanza kufa, mmoja mmoja. Mtaani watasema tajiri yule alitoa sadaka nzito. Alitoa nini yeye? Anakaa kitini, redio mpya inaimba, na makaburi ni ya wengine. Wachoraji walimchora mamba muntu mamia ya mara. Wale ndugu hawakupewa hata pembe ya turubai.

Ningependa kusema basi kwamba anayetoa cha mwenzake hapendi, nimalize. Siwezi. Huenda waziri yule alimpenda Ya kweli, na huenda bwana wa kambale alimpenda mkewe miaka yote aliyokuwa akila jasho lake. Tena wawili wakipendana, changu na chako huchanganyika, na mipaka ninayotaka kuichora huanza kufutika. Pengine hata mapendo yenyewe huanzia hapo. Basi sadaka ya nyumba yenye mali moja ni ya nani? Sijapata njia ya kulijibu swali hilo bila kuivunja nyumba, wala sioni kwa nini ugumu wake ulipiwe na mke peke yake.