Shilingi mbili na nusu

Katika tamthilia ya J. B. Priestley, An Inspector Calls, Eva Smith hatokei jukwaani hata mara moja. Tunamjua kupitia waliomsukuma. Mwaka ni 1912. Bwana Birling, mwenye kiwanda, alimfukuza kwa kuongoza mgomo: wafanyakazi walilipwa shilingi 22 na nusu kwa wiki, wakataka 25. Binti yake akamfukuzisha dukani, kisa tabasamu. Mama mtu, mwenye sauti kwenye kamati ya hisani (hisani gani hiyo!), akamnyima msaada akiwa mjamzito. Hapo hakuna sheria iliyovunjwa. Ukiisoma, mtazame pia Edna, mtumishi wa nyumba ya akina Birling: anaingia, anatoka, na hakuna anayemuuliza anaonaje.