Ghala Si Shamba

Watu wengi siku hizi wasema kwamba nyimbo za Wagogo hazitapotea kamwe, maana zimekwisha kuwekwa katika mashine. Neno hilo lapendeza kulisikia, lakini yafaa tulipime kabla ya kulikubali.

Hatukatai kwamba mashine imetenda jema. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na chombo chake cha kunasa sauti, akanasa pia muziki wa Wagogo. Na baada ya miaka zaidi ya sabini sauti zile zingali zikisikika. Kadhalika Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba, alifariki mwaka 2003, na hata leo kijana wa Dodoma aweza kumsikia katika simu yake saa yo yote apendayo. Mwenye shukrani hawezi kuyadharau hayo.

Lakini na tutazame wimbo wa Kigogo ni kitu gani. Si kazi ya mtu mmoja aimbaye, na wengine wamekaa kimya. Mmoja huanza, wenziwe humwitikia. Sauti hii hupanda, ile hushuka, na kila mtu hutafuta nafasi aliyoachiwa na mwenziwe. Katika muheme wanawake hupiga ngoma walizozibana kwa magoti, na pigo la mmoja halikamiliki pasipo pigo la mwingine. Basi ajifunzaye wimbo hajifunzi sauti tu. Ajifunza kusikiliza, kungoja zamu, na kuingia kwa wakati wake; na hayo ni mafunzo ya utu.

Je, mashine yaweza kumfundisha hayo? Ukiitikia vema, haifurahi. Ukikosea, haikungoji wala haikurudi. Uwepo usiwepo, yaimba vile vile. Tena leo ziko programu za kompyuta ambazo mtu akiziandikia maneno machache humtungia wimbo mzima, wala hapana hata mmoja aliyefumbua kinywa. Wimbo huo waweza kuwa mtamu masikioni, lakini ndani yake hakuna aliyemngoja mwenziwe.

Pengine mtu atatuuliza: kijana aliyezaliwa Dar es Salaam, mbali na wazee wake, atajifunza wapi pasipo simu? Swali lake ni la haki. Twamjibu: na ajifunze kwa simu, kama mkulima achotaye mbegu ghalani, lakini asiishie hapo. Na awatafute wenzake watatu au wanne, waimbe kwa vinywa vyao.

Sisi wa Ugogo twajua maana ya ghala. Nchi yetu ni kavu, na njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hata 1920, haijasahauliwa. Kwa hiyo hatumcheki mtu awekaye akiba ya uwele. Lakini hakuna mwenye akili ambaye, akiona ghala limejaa, hutupa jembe lake. Uwele ukaao ghalani hauzai.

Basi, walimu wenzetu na wazazi, siku ya sherehe ifikapo, tusifanye haraka kuleta vipaza sauti na nyimbo zilizokwisha kuimbwa na wengine. Na tuwaache watoto waimbe wenyewe kwanza, hata wakikosea. Wakiisha, atakaye kuzinasa sauti zao na azinase; hapo atakuwa na kitu cha kuweka ghalani.