Lafudhi ya Jirani

Benson Wanjau wa Kenya alikuwa Mkikuyu. Lakini kwa miaka mingi, katika Vitimbi ya KBC, aliongea Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, akawa Mzee Ojwang'. Alipofariki Julai 2015, wapo waliojua siku hiyo tu kwamba hakuwa Mjaluo.

Je, alikuwa na haki hiyo? Nauliza kwa sababu yangu. Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu. Nikisoma Hanang, niliwahi kuigiza “Mang'ati” kwenye mahafali: shuka, fimbo, Kiswahili nilichokivuruga makusudi. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mwenzangu wa dawati, Mdatoga, hakucheka. Jioni aliniambia, “Hilo jina tulipewa na Wamasai. Maana yake adui.”

Ojwang' naye alichekesha kwa lafudhi. Ila Wanjau alimpa mzee wake nyumba, mke (Mama Kayai), hasira, ujanja na aibu. Mimi wangu nilimpa dakika tano na fimbo. Hata jina sikumpa.

Sijaridhika kwamba hilo linatosha kumhalalisha Wanjau. Nikikutana na yule mwenzangu mnadani Katesh, husema naye polepole, nikiichunga sauti yangu isije ikafanana na yake.