Chuma, Madhabahu na Kisu cha Mboga

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, Waisraeli walikatazwa kujenga madhabahu ya mawe ya kuchonga, kwani chombo cha kuchongea kikiinuliwa juu yake huwa imekwisha tiwa unajisi. Ilhali Kurani, katika sura ya 57 iliyopewa jina la chuma, yataja kwamba ndani yake mna nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Maneno haya mawili yana uzito wa peke yake Kapsokwony, chini ya Mlima Elgon, ambako kati ya 2006 na 2008, katika fitina iliyozuka kwa ajili ya mashamba ya Chepyuk, wako raia waliokatwa masikio.

Basi mtu wa huko atwaapo kipande cha springi ya gari, akakifua motoni hata kikapinda, akakirudisha makaani mpaka sumaku isikishike tena, akakitia matiko katika mafuta, kisha akausugua ubapa na kuupasha taratibu mpaka uwe na manjano ya nyasi kavu, usije ukavunjika upesi, je, ashika chombo cha najisi au cha neema?

Wengi hujibu kwamba chuma hakina dhambi, dhambi ni ya mkono. Kauli hiyo naiona pungufu, maana yamwondolea mhunzi dhima kabla hajaweka nyundo chini. Yeye ndiye aliyechagua umbo. Kisu chenye ncha hukubali nyama ya mbuzi na mbavu za binadamu sawasawa. Lakini ubapa mfupi wenye tumbo la duara, usio na ncha, uliotiwa mpini juu ya mgongo wake, aghalabu haufai ila kubembea juu ya ubao, kiganja kikiushindilia, ukikatakata sukuma wiki na vitunguu. Sisemi kwamba hauwezi kudhuru. Wala sisemi uachwe butu: kisu butu huteleza kikamkata mpishi, na Mtume Muhammad, katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, alimwamuru mchinjaji anoe kisu chake ampunguzie mnyama taabu, akalihesabu jambo hilo katika ihsani, yaani utendaji mwema, ambayo Mungu ameiandika juu ya kila kitu.

Kwa hiyo mhunzi ni mshirika katika thawabu ya chakula na katika dhambi ya jeraha. Na akijiwa usiku na mtu asiyemjua, akaagizwa mapanga mengi kwa haraka, ni wajibu wake kuuliza ni ya nini, na asiporidhika na jawabu, azime moto wake.