Mtoto Asiyetulia: Je, Ni Mkosaji?

Liko swali moja ambalo kila mzazi na kila mwalimu hulijibu mara nyingi kwa siku, wala hatambui kwamba amelijibu. Swali lenyewe ni hili: mtoto aliyeshindwa kutimiza alichoagizwa, hakutaka au hakuweza? Tukiamua kwamba hakutaka, twamkemea au twamwadhibu. Tukiamua kwamba hakuweza, twamsaidia. Hukumu hiyo hupitishwa kwa dakika moja, pengine fimbo ikiwa tayari mkononi. Walakini yapasa ipimwe kwa uangalifu mkubwa, maana mshtakiwa ni mdogo, hana wa kumtetea, wala hajui kujieleza.

Tuchukue mfano. Tumfikirie mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 9, yuko darasa la tatu. Akili anazo, akiulizwa kwa mdomo hujibu kabla ya wenzake, tena mara nyingi kabla swali lenyewe halijakwisha. Lakini mwalimu akiandika mistari 10 ubaoni, yeye hunakili 3, kisha macho yamekwenda dirishani kumfuata kunguru. Kalamu zake hupotea kila juma. Akitumwa dukani kununua chumvi na sabuni hurudi na sabuni peke yake, au hurudi mikono mitupu, ana habari ndefu ya mbuzi waliopigana njiani. Katika Misa ameteleza chini ya benchi mara tatu kabla ya mahubiri kwisha. Baba asema mtoto huyu ni mkaidi. Mwalimu asema ni mvivu. Majirani wasema mama yake amemdekeza. Na mmoja wa wakubwa wa ukoo anong'ona kwamba mtoto amechezewa. Watu wanne wametoa maelezo manne, na yote manne yanafanana kwa jambo moja: kila moja latafuta mwenye kosa.

Watoto wa namna hiyo si jambo geni duniani. Mwaka 1902 daktari mmoja Mwingereza, George Still, alitoa mihadhara mbele ya madaktari wenzake mjini London, akaeleza habari za watoto ambao akili zao zilikuwa timamu, ila hawakuweza kujizuia wala kushikamana na jambo moja kwa muda. Yafaa tuangalie jina alilolitumia: alinena juu ya upungufu wa kujitawala kimaadili. Hata tabibu, basi, alianza kwa lugha ya maadili, ingawa yeye mwenyewe aliona kwamba chanzo kimo mwilini, wala si katika malezi mabaya peke yake. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto wa hospitali yake dawa ya aina ile inayochangamsha watu, akastaajabu kuona wengi wao wametulia na kazi zao za shule zimekuwa bora. Tangu hapo uchunguzi umeendelea. Siku hizi tatizo hilo la upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi hujulikana kwa herufi nne, ADHD, nalo limo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi wakadiria kwamba huwapata watoto wapatao 5 katika kila 100. Kwa kadirio hilo, darasa la watoto 80 laweza kuwa nao 4.

Asili yake ni nini? Uchunguzi wa watoto mapacha umeonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa sana. Ndiyo maana si ajabu baba amchapaye mwanawe kwa utukutu akumbuke, akiwa mkweli, jinsi yeye mwenyewe alivyochapwa. Kuzaliwa kabla ya wakati au kwa uzito mdogo huongeza hatari. Na waliopima ubongo wa watoto hao wameona kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile itusaidiayo kujizuia, kupanga kazi na kukumbuka tulichotumwa, mara nyingi hukawia kukomaa kwa miaka kadhaa. Mtoto wa miaka 9 aweza kujitawala kama wa miaka 6 au 7. Sisi twamdai deni la mwenye miaka 9.

Hapa wazazi wengi watauliza, nao wana haki ya kuuliza: «Mbona akicheza mpira hutulia saa mbili? Mbona akishika redio mbovu huifungua na kuifunga bila kusumbuliwa na mtu? Mbona jana aliandika kazi yake vizuri? Basi anaweza, ila hataki!» Hii ndiyo hoja iliyowatia watoto wengi hatiani, nayo yastahili kujibiwa taratibu.

Mtoto huyu hakukosa umakini kama mtu asiye na fedha mfukoni. Umakini anao, ila hautawali. Jambo lipendezalo, lililo jipya, lenye tuzo ya papo hapo, huuvuta umakini wake bila yeye kujitahidi. Jambo refu, la kurudiarudia, ambalo faida yake ni ya mwisho wa mwaka, halina kamba ya kumshika. Sisi wengine tuna nguvu ndani yetu ya kujilazimisha kufanya lisilotupendeza. Kwake nguvu hiyo ni chache, tena hupanda na kushuka. Leo ameweza, kesho ameshindwa, na kazi ni ile ile. Kupanda na kushuka huko ni mojawapo ya alama za tatizo lenyewe. Kumbe ushahidi tunaouleta ili kumtia hatiani, kwamba jana aliweza, ndio ambao mganga angeuandika katika dalili zake!

Turudi sasa kwenye swali letu la maadili. Tangu tulipokuwa wanafunzi wa katekisimu tulifundishwa kwamba ili dhambi iwe nzito haitoshi jambo liwe baya. Lazima mtu ajue kwamba ni baya, tena akubali kwa hiari kamili. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yataja wazi kwamba kutokuangalia, mazoea na mambo ya nafsi yaweza kupunguza lawama ya mtu, hata kuiondoa kabisa. Fundisho hilo twalitumia kwa mtu mzima aliyetenda neno katika hofu au ugonjwa. Kwa nini tulisahau linapomhusu mtoto aliyesahau chumvi? Tena twaikumbuka Injili ya Yohane, sura ya 9, habari za kipofu tangu kuzaliwa. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, na Bwana akakataa yote mawili. Karibu miaka 2,000 imepita, na swali hilo lingali likiulizwa vijijini na mijini mwetu kila siku.

Lakini wengine wataogopa. Watasema: «Tukianza kusema mtoto hawezi, adabu itakwisha, kila mvivu atajiita mgonjwa.» Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mtoto asiyeongozwa huharibika. Lakini kuelewa si kuachilia. Mwenye mguu mmoja mfupi hatumwachi akae bure hali wenzake wanateka maji. Twampa ndoo ndogo na njia iliyo karibu, na maji twamdai. Vivyo hivyo mtoto huyu apewe kazi fupi fupi, aambiwe neno moja moja, atazamwe usoni anapoagizwa, asifiwe mara amalizapo, wala si mwisho wa mwezi. Adabu yake yahitaji uangalifu mwingi kuliko adabu ya watoto wengine. Anayempiga anachagua njia iliyo nyepesi kwa mpigaji.

Na kiboko kinamfunza nini? Kinamfunza kuogopa, kukumbuka hakimfunzi. Aliyesahau kwa sababu kumbukumbu yake ni dhaifu, hata akichapwa, kesho atasahau tena, na safari hii atasahau huku akitetemeka. Nchini Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 zingali zikiiruhusu, lakini kwa mipaka: viboko visizidi 4, tena vitolewe na mwalimu mkuu au yule aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Mipaka hiyo huvukwa mara nyingi, na wa kwanza kuumia ni mtoto asiyetulia, kwa kuwa kila siku yeye ndiye anayeonekana.

Yapo madhara mengine yasiyoacha alama mgongoni. Mtoto aitwaye mvivu, mjinga na mtukutu toka asubuhi hadi jioni, afikapo miaka 12 huwa amekwisha kuyaamini majina yake. Imeonekana kwamba watoto wenye tatizo hili hupatwa zaidi na huzuni nzito na wasiwasi, hupata ajali zaidi, na huacha shule zaidi kuliko wenzao. Nao wasichana husahauliwa mara nyingi, maana wengi wao hawarukiruki. Hukaa kimya nyuma ya darasa, mawazo yako mbali, na watu wasema tu kwamba hana akili. Mtoto huyo hamsumbui mtu, kwa hiyo hakuna amtazamaye.

Tuonye pia upande wa pili. Si kila mtoto mtundu ni mgonjwa. Utundu ni sehemu ya utoto. Waganga hutaka dalili ziwe nyingi, zimedumu miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, zaonekana nyumbani na shuleni pia, na zimeharibu maisha ya mtoto. Tena yapo mambo mengine yafananayo na hayo: njaa, usingizi haba, masikio mabovu, kifafa, au mateso ya siri nyumbani. Uchunguzi uliofanywa Uganda na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, miaka 2 baada ya kupona malaria ya ubongo, mtoto mmoja hivi katika kila wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri, na umakini ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyopungua. Kwa hiyo mzazi asijifanye mganga. Amfikishe mtoto kwa mganga.

Na hapo ndipo aibu inapotuzuia. Katika nchi yetu jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyowahudumia maelfu ya watu, limegeuzwa tusi; na jirani zetu wa Kenya wamelifanyia vivyo hivyo jina la Mathari. Mzazi aliyekulia katika mzaha huo atawezaje kumshika mwanawe mkono na kwenda kuuliza habari za maradhi ya akili? Aogopa kwamba ukoo utasemwa, kwamba dada za mtoto hawataposwa, kwamba mtoto atabandikwa jina asiloweza kulivua. Basi amficha. Wengine hupeleka fedha zao kwa waganga wa ramli. Wengine huzunguka na mtoto toka maombi hadi maombi wakitafuta pepo wa kukemea. Sala ni njema, nasi hatuwezi kumkataza mzazi kumwombea mwanawe. Lakini aliyevunjika mguu huombewa na kufungwa gango, yote mawili. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humwumbua.

Aibu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ni sisi tunaoitengeneza, kwa maneno madogo madogo. Ni yule anayegeuka kanisani na kumkazia macho mama mwenye mtoto asiyetulia. Ni shangazi asemaye, «Huyo angekuwa wangu ningemnyosha kwa siku tatu.» Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama huyo ameamka saa kumi na moja, ametafuta kiatu kimoja cha mtoto kwa nusu saa, ameitwa shuleni mara mbili mwezi huu, na sasa aja mbele ya Mungu kupata pumziko. Nasi twamkaribisha kwa hukumu.

Enyi wazazi, kabla ya kuinua mkono jiulizeni swali lile la kwanza, na mkiwa na shaka, shaka hiyo impe mtoto nafuu. Nendeni hospitali mkaulize. Zipo njia za kuwafunza wazazi, na pale inapohitajika zipo dawa, zitolewazo na waganga wenye ujuzi. Nanyi walimu, twajua mnabeba madarasa makubwa kuliko haki. Hata hivyo kumketisha mtoto mbele, mbali na dirisha, na kumtuma afute ubao anapoanza kuhangaika, hakugharimu senti. Nasi tulio majirani na jamaa, kazi yetu ni nyepesi kuliko zote: tufunge midomo tusipojua, na Jumapili ijayo mtoto yule atakapoteleza tena chini ya benchi, tumsogezee mama yake nafasi akae.