Je, ni kosa kuacha kazi ukiwa na miaka 45?



Kuna swali linalozungumzwa katika familia nyingi usiku, watoto wakishalala. Tuseme baba mmoja alikuwa mwalimu Gitega. Hapa kambini bado anafundisha, na kila mwezi anapata posho kidogo. Ana miaka 45 na watoto watano. Tangu utoto roho yake iko kwenye useremala. Sasa anasema, miaka iliyobaki anataka kushika randa, si chaki. Mke wake ananyamaza. Je, baba huyu ana haki?

Wengi wetu tulibadilisha kazi bila kuulizwa. Mama aliyelima kahawa kule Muyinga leo anauza nyanya kwa mafungu, na hakuna aliyemuuliza kama anazipenda nyanya. Ndiyo maana mtu akisema "mimi napenda kazi fulani", tunamwona kama anacheza. Mimi sioni hivyo. Kukimbia kumetunyang'anya mengi. Tusinyang'anyane na hamu ya kazi. Umri nao si hoja. Musa alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80.

Lakini hamu peke yake si ruhusa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa tuulize, anayeinama ni nani? Kama baba anafurahia randa wakati mama anakopa unga kwa jirani, aliyeinama ni mama.

Wengine watanitajia Marguerite Barankitse wa Ruyigi, mashariki ya Gitega. Aliwahi kuwa mwalimu, baadaye akafanya kazi kwa askofu. Tarehe 24 Oktoba 1993, akiwa hajafika miaka 40, wauaji waliingia pale kwa askofu, wakamfunga, wakaua watu zaidi ya 70 mbele ya macho yake. Aliokoa watoto 25. Kutokana na watoto hao ikazaliwa Maison Shalom, iliyolea maelfu. Mwaka 2015 yeye pia alikimbia, akaanza upya Rwanda akikaribia miaka 60. Watu husema alifuata moyo wake. Nadhani wanageuza mambo: watoto walitangulia, moyo ukafuata.

Baba yetu hajaletewa watoto 25 mlangoni. Basi ajiulize ni nani anayeihitaji randa yake. Na kusema kweli wapo, maana kambi inataka milango, madawati, hata majeneza. Aanze Jumamosi kwa fundi, akubali kuelekezwa hata kama fundi ni kijana aliyemfundisha kusoma (hapo ndipo wanaume wengi hurudi nyumbani). Chaki asiiache mpaka viti vyake vimeanza kununuliwa. Na mke wake aulizwe kabla ya yote, siyo kuarifiwa baadaye.