Mbwa Hajui, Mwenyewe Ajua

Mzee mmoja aliniuliza, "Mchungaji, mtu akichinja kondoo wake, akamtupia mbwa wake ini bovu, ana kosa gani? Kondoo ni wake, mbwa ni wake, na ini ni lake." Sikumjibu upesi, maana kwanza yatupasa kujua lile ini lina nini.

Katika maini na mapafu ya kondoo, mbuzi na ng'ombe pengine huonekana mifuko iliyojaa maji. Ndani yake wamo watoto wa tegu mdogo sana, asiyefikia urefu wa sentimeta moja. Mbwa akila mfuko huo, tegu hukua matumboni mwake, pengine kwa maelfu, wala mbwa haonekani kuwa mgonjwa. Mayai ya tegu hutoka pamoja na mavi yake, yakakaa katika udongo, majani na maji, hata katika manyoya yake. Kondoo huyala malishoni. Mtoto naye amshikapo mbwa, kisha akala bila kunawa, aweza kuyameza. Ndipo mfuko kama ule wa kondoo huanza kukua katika ini lake au mapafu yake, polepole, pengine miaka mingi bila maumivu, hata mara nyingi hapana budi apasuliwe. Ugonjwa huu umeonekana sana kwa wafugaji wa Turkana, na kwa Wamaasai pia.

Zamani watu wa Iceland, wafugaji wa kondoo na Walutheri kama sisi, waliteswa nao sana. Mwaka 1863 mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, alipasua mbwa 100 huko, akamwona tegu huyo katika 28. Mwaka uliofuata kijitabu chake kiligawiwa watu nyumbani mwao, nao walijua kusoma. Baadaye sheria ikaamuru viungo vyenye ugonjwa vizikwe au vichomwe, na mbwa wakapewa dawa. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini mwishowe ugonjwa ulikoma.

Basi, namrudia mzee wangu. Ini ni lako na mbwa ni wako, lakini mayai ya tegu hayajui mpaka wa boma lako. Katika torati ya Musa, mwenye ng'ombe apigaye watu pembe hakuhukumiwa sawa na yule aliyekwisha kuonywa, naye asimzuie. Jana ulikuwa hujui, leo umejua. Wala haki si kumchukia mbwa, alindaye mifugo yako usiku kucha. Yeye hula apewacho. Mwenye kuulizwa ni yule ampaye.

Kwa hiyo, ndugu, mbwa wasikaribie mahali pa kuchinjia. Viungo vyenye mifuko vichomwe, au vizikwe chini sana wasiweze kuvifukua. Mwulizeni bwana mifugo dawa ya tegu na majira ya kuitoa. Wafundisheni watoto kunawa mikono. Kuchimba shimo ni kazi ya muda mfupi tu, nayo yaweza kumwokoa mtoto wa jirani, ambaye huenda hutamjua kamwe.